Bunyakiri: tangu lini mgonjwa ndiye anayelipa muuguzi?

Wakaaji wa Bunyakiri, wilaya ya Kalehe, wamezoea: ukifika kwenye kituo cha afya na mtoto mwenye malaria, unalipa fishi, kisha unalipa dawa. Asiye na franka anaacha kitu rehani, au anabaki kitandani hata akiisha kupona, mpaka familia imalize deni. Vijana wengi wanadhani ilikuwa hivyo siku zote. Kuna mahali ilipoanzia.

Mwaka 1987 mawaziri wa afya wa Afrika walikutana Bamako, nchini Mali, pamoja na OMS na UNICEF. Serikali nyingi zilikuwa zimelemewa na madeni. Wakakubaliana kwamba raia wachangie bei ya dawa za lazima, na pesa hiyo inunue dawa zingine, chini ya macho ya kamati ya wakaaji wenyewe. Lilikuwa wazo zuri. Tena Zaire haikushangaa, maana zone zake za afya zilikuwa zimeisha kuanza kuuzia wagonjwa dawa.

Lakini mpango ule ulihitaji serikali iendelee kulipa mishahara. Mwaka 1990, kisha mauaji ya wanafunzi Lubumbashi, Ubelgiji ikakata msaada. Septemba 1991 wanajeshi wakapora Kinshasa. Mshahara wa muuguzi ukabaki jina tu, na faida ya vidonge, iliyopaswa kujaza tena kabati, ikawa chakula cha watoto wake. Nani angemlaumu?

Tena vita ikaja. Kuanzia 1998 Bukavu ilishikwa na RCD, na Bunyakiri ikawa ngome ya Mai-Mai wa Padiri. Dawa zilikuwa mjini, wagonjwa upande mwingine wa mapigano. Katikati, barabara ya kitaifa namba 3, yenye kupita Miti na msitu wa Kahuzi-Biega.

Miaka ileile dunia ilikuwa inabishana juu ya dawa za UKIMWI. Aprili 2001, kule Pretoria, kampuni 39 ziliondoa mashtaka yao dhidi ya serikali ya Afrika Kusini kuhusu sheria ya dawa za bei nafuu. Bei zikashuka, na Oktoba 2003 shirika la MSF likaanza kutoa dawa hizo Bukavu. Nkunda alipoteka mji Juni 2004, wagonjwa wengi hawakukatiza matibabu, kwa sababu mpango wa siku kama zile ulikuwa umetayarishwa mapema.

Ila amoksisilini ambayo mtoto wa Bulambika anaikosa haizuiwi na kampuni yoyote. Ni dawa ya zamani, viwanda vingi vinaitengeneza, na bei yake ni ndogo. Inapanda njiani: usafiri, matope, vizuizi, na ule mshahara ambao hakuna mwingine anayeulipa.

Februari 2025 Bukavu iliingia mikononi mwa AFC/M23, pamoja na kiwanja cha ndege cha Kavumu. Ni pale ndege za kutoka Kinshasa zilikuwa zinatua.