Mundu Ndani ya Damu

Mwaka 1949, kijana aitwaye Anthony Allison, mwanafunzi wa utabibu wa Oxford aliyelelewa Kenya, alifuatana na msafara wa chuo chake uliokuja kuuchunguza Mlima Kenya, akapita bara na pwani akichukua matone ya damu ya watu wa makabila mbalimbali. Tone lile, likifunikwa kwa kioo chembamba hata likakosa hewa, huonyesha ajabu yake chini ya hadubini: chembe nyekundu, zilizokuwa duara, katika damu ya aliyerithi jeni ya maradhi ya selimundu hujikunja mfano wa mundu. Naye akaona jambo la kutafakari, kwamba pwani na kandokando ya Ziwa Victoria wenye alama hiyo walikuwa wengi, ilhali katika nyanda za juu zenye baridi walikuwa adimu mno.

Kwa nini maradhi hayo yauayo watoto yasitoweke duniani? Jawabu alilitoa mwaka 1954: arithiye jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali, ama arithiye kwa wazazi wote wawili, huyo huteseka kwa selimundu. Alhasili, mbu ndiye aliyeihifadhi.

Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kuhariri jeni za mgonjwa wa selimundu. Ni neema kubwa. Walakini haki haitatimia mpaka tiba hiyo ifike huku kwetu, kwa watoto wa watu ambao damu yao ndiyo iliyoifumbua siri.