Digrii ilipe nini?

Oktoba 1961, wanafunzi 13 wa sheria walianza masomo ya chuo kikuu katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Uhuru ulikuwa umekaribia na ofisi zilihitaji watu. Mhitimu alikuwa na hakika ya kazi, tena alirithi kiti cha Mzungu pamoja na ngazi yake ya mshahara, mbali mno na kipato cha mkulima aliyemsomesha kwa kodi.

Mwaka 1966 Serikali iliwataka wahitimu wapitie Jeshi la Kujenga Taifa, na kwa sehemu kubwa ya muda huo walipwe asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi waliandamana hadi Ikulu. Mwalimu Nyerere akawatimua karibu 400, kisha akakata asilimia 20 ya mshahara wake mwenyewe. Baada ya Azimio la Arusha, pengo kati ya kima cha juu na cha chini likazidi kubanwa kwa sera.

Miaka ya 1980 mfumuko wa bei ukaimaliza mishahara iliyobaki. Kazi ilikuwepo, lakini haikutosha kuishi. Mhadhiri akafuga kuku na ng'ombe wa maziwa. Msomi akajifunza kutegemea posho, safari na miradi. Hata mradi wa Serikali wa viwanja 20,000 ulipofika Mbweni, Dar es Salaam, miaka ya 2000, mshahara wa mwezi peke yake haukumtosha mtu kununua kiwanja na kuporomosha nyumba. Alihitaji mkopo, biashara ya pembeni au kiinua mgongo.

Wakati huohuo vyuo viliongezeka. Bodi ya Mikopo ya wanafunzi ilianza kazi 2005, Chuo Kikuu cha Dodoma kikafuata 2007. Lakini wahitimu wakazidi nafasi za kazi: Juni 2014, zaidi ya waombaji 10,000 waliitwa kwenye usaili Uwanja wa Taifa, Temeke, kugombea nafasi 70 za Uhamiaji. Aliyesoma kwa mkopo akapata kazi leo hukatwa marejesho ya mkopo kila mwezi.

Hata hivyo, ngazi haijavunjwa: mwalimu wa shahada serikalini bado huanza juu ya mwenzake wa stashahada. Kwa hiyo anayelalamika kwamba digrii haina thamani anachanganya mambo mawili, malipo ya aliyeajiriwa na uwezekano wa kuajiriwa. Kizazi cha 1961 kilikuwa na vyote viwili. Cha 1980 kilibaki na ajira bila malipo ya maana. Cha sasa kina malipo yanayowasubiri wachache. Mzazi anayeuza shamba amlipie mtoto ada anapaswa kupiga hesabu zote mbili.