Kilio ni ujumbe: somo lililoanzia kwenye sebule za Buganda

Mtoto wa miezi mitatu analia. Ameshanyonya, ameshabadilishwa nepi, hana homa. Abebwe au aachwe? Kama umewahi kukaa nyumba moja na mtoto mchanga, umeshayasikia majibu yote mawili. "Mbebeni jamani, analia nini huyo?" anasema mmoja. "Mwacheni, mtamdekeza, halafu kulia kunapanua mapafu," anasema mwingine. Wote wana uhakika, na wote wamelea.

Ubishi huu si wa nyumbani kwenu tu. Wanasayansi nao wameubishania kwa karibu miaka 100, na sehemu kubwa ya tunachokijua leo ilianza kuonekana hapa hapa Afrika Mashariki, kwenye vijiji vya jirani na Kampala, katikati ya miaka ya 1950. Twende taratibu.

Enzi za kumpa mtoto mkono

Mwaka 1928 mwanasaikolojia wa Marekani, John B. Watson, alitoa kitabu cha malezi kilichosomwa sana. Ushauri wake kwa wazazi ulikuwa mkavu: msiwakumbatie watoto, msiwabusu ovyo, msiwapakate. Asubuhi wapeni mkono. Ndiyo, mkono, kama unavyosalimiana na meneja wa benki! Huko New Zealand, daktari Truby King alikuwa ameshaeneza mtindo wa kumnyonyesha mtoto kwa saa ya ukutani, kila baada ya saa nne, siyo kila anapolia.

Usiwacheke haraka. Hoja yao ilikuwa na mantiki yake. Ukimrushia kuku mahindi kila anapokuja mlangoni, kesho atakuja tena. Basi ukimbeba mtoto kila anapolia, si unamfundisha kulia? Kwa mtazamo huo kilio ni tabia, na tabia ikipewa zawadi inaongezeka. Hakuna aliyejiuliza kama kilio kinaweza kuwa kauli, yaani mtoto anamwambia mtu jambo na anangoja jibu.

Fikra hizo zilifika hadi hospitalini. Uingereza ya miaka ya 1940, wazazi wa mtoto aliyelazwa waliruhusiwa kumwona kwa nadra, maana wauguzi waliona kuwa wazazi wakija, watoto wanalia. Wasipokuja, baada ya siku chache wodi inatulia. Mwaka 1952 James Robertson, mtafiti wa kliniki ya Tavistock jijini London, alionyesha filamu ya mtoto wa kike wa miaka miwili na nusu hivi, aliyelazwa kwa siku nane kufanyiwa upasuaji mdogo. Ujumbe wake ulikuwa mzito: utulivu huo wa wodini si kuzoea. Mtoto ameita, hakuitikiwa, amekata tamaa. Mwaka 1959 kamati ya serikali ya Uingereza ilipendekeza wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao bila kubanwa na saa.

Robertson alifanya kazi na daktari wa akili John Bowlby, aliyekuwa akijenga hoja kwamba mtoto huzaliwa na haja ya kuwa karibu na mlezi wake, kama alivyozaliwa na haja ya kula. Fungamano hilo kati ya mtoto na mlezi ndilo tutakaloliita mfungamano. Hoja ilikuwa nzuri, ila ilikosa kitu kimoja. Nani alikuwa ameingia majumbani, akaketi, akaangalia mfungamano huo unavyojengwa wiki hadi wiki?

Aliyefuata habari za kuachishwa ziwa

Katika kundi hilo la London alikuwapo mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyekulia na kusomea Kanada. Mume wake alipata kazi kwenye taasisi ya utafiti wa jamii pale Makerere, na mwaka 1954 wakawa Kampala. Ainsworth alikuwa na mashaka na hoja ya Bowlby. Yeye aliamini kama wengi wa wakati ule: mtoto anampenda mama kwa sababu mama ndiye chakula.

Alipata akina mama 26 wenye watoto 28 ambao hawajaachishwa ziwa. Aliwatembelea kila baada ya wiki mbili, saa mbili kila safari, baadhi yao hadi miezi tisa, akiwa na mkalimani wa Kiganda. Kumbuka hali ya wakati ule. Kabaka Mutesa II alikuwa ameondolewa nchini na gavana wa Kiingereza tangu Novemba 1953, na Buganda nzima ilikuwa na uchungu. Hata hivyo akina mama hao walimkaribisha mgeni huyu sebuleni, mchana, kama wanavyowakaribisha wageni wengine.

Kilichomvutia kilikuwa desturi ya kumpeleka mtoto kwa bibi yake kwa siku kadhaa ili "asahau ziwa". Alitaka kuona utengano huo unamfanya nini mtoto. Alipofika akakuta familia nyingi zimeshaiacha desturi yenyewe. Swali lake likawa limepungukiwa na wahusika. Akabaki na kazi moja tu: kuangalia kila kitu kingine. Mtoto anamtambalia nani? Analia akiwa kwa nani na ananyamaza kwa nani? Mgeni akiingia, anamtazama nani?

Alichokiona hakikuwa tumbo linalosubiri maziwa. Watoto wale walikuwa wanaanzisha mambo. Walimfuata mama kwa macho, wakatambaa kwenda kuchokonoa vitu, wakageuka kumtazama, wakarudi kumparamia mapajani wakiona sura ngeni. Kwa lugha ya leo tungesema walikuwa kwenye mazungumzo, ingawa hakuna aliyejua neno hata moja.

Ila hawakufanana wote. Wapo waliolia kidogo na kucheza kwa amani mama akiwapo. Wapo waliolia mara kwa mara hata wakiwa wamebebwa na mama. Wachache hawakuonyesha kama mama ni tofauti na mtu mwingine. Kwa nini?

Moja ya dalili alizozipata ni ndogo lakini ya ajabu. Ukimuuliza mama fulani kuhusu mtoto wake, alikupa habari mpaka basi: anachochekea, kilio chake cha usingizi, anachokichukia. Mwingine aliulizwa hivyo hivyo, akaishia kuzungumzia mambo mengine. Watoto wa wale waliojaa habari ndio, kwa kiasi kikubwa, walioonekana kuwa na utulivu. Maana huwezi kueleza kwa undani kitu ambacho hujakisikiliza. Baadaye Ainsworth alifanya jambo hili kuwa kiini cha kazi yake: uwezo wa mlezi kuona ishara ya mtoto, kuielewa, na kuijibu kwa wakati. Hapa tuuite usikivu.

Vilio vinahesabiwa Baltimore

Miaka ya 1960, akiwa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Baltimore, Marekani, alirudia kazi ile kwa familia nyingine 26. Safari hii kila familia ilitazamwa kwa takriban saa 72 katika mwaka wa kwanza wa mtoto. Mwaka 1972 yeye na mwenzake Silvia Bell walichapisha matokeo yaliyomgeuza Watson miguu juu: watoto ambao vilio vyao viliitikiwa haraka miezi ya mwanzo ndio waliolia kidogo ulipokaribia mwisho wa mwaka. Badala ya kulia walitumia mikono, uso na sauti ndogo. Maelezo yao yalikuwa kwamba anayejua atasikika hana haja ya kupiga kelele.

Je, kesi imekwisha? Hapana. Mwaka 1977 watafiti wengine walizishambulia hesabu zile. Na hata kama hesabu ni sahihi, huenda mtoto mtulivu ndiye anayemrahisishia mama kuwa msikivu. Mwaka 2000 utafiti wa Uholanzi ulipata picha yenye utata zaidi: kuviacha baadhi ya vilio katika wiki za mwanzo hakukuongeza kulia. Utafiti mwingi uliofuata umeonyesha kuwa uhusiano kati ya usikivu wa mlezi na utulivu wa mtoto upo, ila si mkubwa kama ule wa Baltimore. Kwa hiyo wewe mzazi unayelala saa tatu kwa usiku, pumua. Hakuna aliyethibitisha kwamba kila kinung'uniko ni dharura.

Mkono wa Kisii

Ainsworth pia alibuni jaribio maarufu la dakika kama 20, ambamo mama anatoka chumbani kidogo kisha anarudi. Kinachotazamwa zaidi ni namna mtoto anavyompokea. Kule Baltimore, mtoto mwenye utulivu mara nyingi alinyanyua mikono abebwe.

Miaka ya 1970 watafiti walifanya jaribio la aina hiyo Kenya, kwa Wakisii. Pale watoto wamezoea mkubwa akifika wanasalimiwa kwa mkono. Mama akirudi, mtoto ananyoosha mkono wake apewe salamu.

Umeona mzaha wa historia? Mkono ule ule ambao Watson aliutaka ili kumweka mtoto mbali, hapa ndio ukaribu wenyewe. Ishara haina maana yake peke yake. Inaipata kwa wawili wanaoielewa, mmoja anapoituma na mwenzake anapoipokea.

Kisii inatupa somo jingine. Robert na Sarah LeVine walioishi na kutafiti huko waliona akina mama hawazungumzi sana na watoto wachanga wala hawakai wakitazamana nao machoni, jambo ambalo mzazi wa tabaka la kati Marekani angeliona ni upungufu. Lakini mtoto alikuwa karibu na mwili wa mlezi muda mwingi, na alipolia alijibiwa upesi. Ukipima kwa idadi ya maneno, utawafelisha. Ukipima kwa kuitikiwa, wamefaulu vizuri. Na waliokuwa wakiitika hawakuwa mama peke yake: dada wadogo waliokabidhiwa kumlea nao walijenga mfungamano na mtoto. Nadharia iliyoanza kwa kumtazama mama ikabidi imwone na mlezi wa miaka tisa.

Leo vitabu vya saikolojia vimeandika sana juu ya Baltimore, Kampala ikipewa aya moja au mbili. Majina ya wale akina mama 26 hutayakuta humo. Lakini kilichomgeuza Ainsworth mawazo ni wao, pale sebuleni, wakijibu swali moja kila wiki mbili: huyu mtoto wako, mwambie mgeni, yukoje?

Swali hilo halina umri. Chukua mtu mmoja wa karibu, awe mume, mama yako, au rafiki uliyesoma naye. Bila kutaja kazi yake wala umbo lake, eleza kwa dakika tano yukoje. Ananyamaza vipi akiwa amechoka, na ananyamaza vipi akiwa amekasirika? Anaanzaje kuomba msaada kabla hajasema neno "nisaidie"? Dakika zikikuishia maneno yakiwa bado yapo, hongera. Maneno yakikuishia dakika ya kwanza, unajua pa kuanzia jioni hii.