Jeli ya mapera: kwa nini huganda, na kwa nini wakati mwingine hugoma

Msimu wa mapera ukifika, mengi huozea chini ya mti. Njia moja ya kuyaokoa ni kupika jeli. Sukari ni ghali, kwa hiyo tunaeleza kwanza kinachoigandisha, usije ukamwaga sufuria nzima.

Jemu huwa na nyama ya tunda. Jeli hupikwa kwa maji ya tunda yaliyochujwa. Hugandishwa na pektini, iliyomo ndani ya tunda lenyewe, ikisaidiwa na uchachu na sukari. Pera lina pektini nyingi likiwa limekomaa lakini bado gumu. Likiiva sana, harufu huongezeka na pektini hupungua. Tumia mengi magumu, machache yaliyoiva.

Osha, katakata pamoja na maganda na mbegu, funika kwa maji, chemsha hadi yalainike. Mimina kwenye kitambaa safi, kining'inize usiku kucha juu ya bakuli. Usikikamue! Ukikamua, jeli itakuwa na ukungu ndani.

Kwa kila kikombe cha maji hayo weka robo tatu ya kikombe cha sukari, na ndimu moja kwa vikombe vinne. Chemsha kwa moto mkali ukiengua povu. Sufuria isizidi nusu, maana hufura. Watoto wakae mbali: sukari inayochemka huunguza kuliko maji, na hung'ang'ania ngozi.

Kujua imeiva, dondosha kidogo kwenye sahani baridi, subiri dakika moja, sukuma kwa kidole. Ikikunjamana, epua. Ikitiririka, endelea. Wengi hugoma hapa kwa haraka tu; jeli isiyoganda irudishe motoni na ndimu kidogo, sukari haijapotea. Wenye maikrowevu wanaweza kupika kikombe kimoja au viwili kwenye bakuli refu la kioo, wakikoroga kila baada ya dakika chache.

Chupa za kioo zichemshwe dakika 10, zijazwe zingali za moto, zifunikwe papo hapo. Ikiota ukungu au ikinuka pombe, tupa yote, si sehemu ya juu pekee.

Anayetaka kuuza, kwa Tanzania, SIDO hufundisha usindikaji, na TBS ndiyo inayosimamia ubora na usalama wa chakula.