Oili ya injini na ya gia za otomatiki kwa magari ya zamani: mwongozo kwa wanaopita Busia, Busitema na Tororo

Magari mengi madogo yanayobeba bidhaa kati ya Busia, Busitema na Tororo ni Toyota, Nissan na Honda yaliyotoka Japani yakiwa yameshatumika. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8, na Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018. Hata hivyo magari yaliyoingia kabla ya hapo bado yanatembea, na baadhi yalitengenezwa miaka ya 1990. Giaboksi ya gari kama hilo ikifa njiani, mwenye nyanya au samaki ndiye wa kwanza kula hasara.

Kwanza injini. Katika maandishi kama 15W-40, tarakimu iliyo kabla ya W huonyesha jinsi oili inavyotiririka kwenye baridi, na ya mwisho huonyesha uzito wake injini ikiwa moto. Ukanda huu hauna barafu, hivyo tarakimu ya kwanza haina uzito mkubwa hapa. Ya mwisho ndiyo ya kuangaliwa. Injini ya petroli iliyochakaa na kula oili inaweza kutulia kwa 20W-50, lakini hiyo haiponyi ringi za pistoni, inapunguza moshi tu. Injini za Toyota zenye VVT-i ni hadithi nyingine: kifaa kinachobadilisha muda wa valvu husukumwa na oili inayopita kwenye vijia vyembamba, na oili nzito hukifikia kwa kuchelewa. Kwa injini hizo 5W-30 au 10W-30 ndiyo salama.

Halafu kuna herufi za API. Zinazoanza na S ni za petroli, zinazoanza na C ni za dizeli. SN ilitoka mwaka 2010 na SP mwaka 2020, na zote mbili zinafaa injini za petroli za zamani. Mitungi ya SF au SG bado huuzwa kwa bei ya kuvutia, ingawa madaraja hayo yalikwisha kustaafishwa. Hiace ya dizeli itafutiwe oili ya C, kwa mfano 15W-40 yenye CI-4.

Wasafirishaji wazingatie pia foleni za mpakani. Gari linalounguruma saa nyingi bila kusogea halionyeshi kilomita, lakini oili inachoka vilevile. Anayekaa foleni mara kwa mara asingoje kilomita 5,000 zitimie.

Gia za otomatiki ndizo zinazoharibiwa zaidi kwa kubahatisha. Rangi nyekundu si ushahidi wa chochote, kwa sababu oili nyingi za otomatiki hutiwa rangi hiyo. Chomoa kijiti cha kupimia kabla ya kwenda dukani: kwenye Toyota nyingi jina la oili limeandikwa hapo hapo, iwe D-II au T-IV. Toyota za baadaye hutumia WS, ambayo ni nyepesi zaidi na haichanganywi na T-IV. Honda za zamani zilitumia Z1, na nafasi yake ikachukuliwa na DW-1. Kuhusu Dexron III, kampuni ya General Motors ilisitisha leseni zake mwishoni mwa mwaka 2006. Jina hilo likiwa kwenye mtungi mpya ni ahadi ya mtengenezaji wa oili mwenyewe.

Gari la CVT lisitiwe oili ya otomatiki ya kawaida hata kwa dharura. Mkanda wake wa chuma utateleza na kujikwaruza. Honda Fit za kwanza kutoka Japani na Nissan nyingi ziko katika kundi hili, na wenye magari wengi hawajui.

Oili ikiwa nyeusi na yenye harufu ya kuungua, usikubali isafishwe yote kwa mashine ya msukumo. Mwaga inayotoka kwenye bakuli, ipime kwa kibuyu, rudisha kiasi hicho hicho, endesha siku kadhaa kisha rudia. Kumwaga mara moja hutoa karibu nusu tu. Toyota hupimwa injini ikiwa moto na inaunguruma. Honda hupimwa mara tu baada ya kuizima.

Kwa wafanyabiashara: kagua sili ya kifuniko, namba ya toleo, na alama ya KEBS au ya UNBS. Utaratibu rahisi wa biashara ndogo, wa bidhaa zisizozidi dola 2,000, ni wa vitu vilivyotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Oili iliyotoka Dubai hailindwi nao hata kama imenunuliwa upande wa pili wa barabara. Mitungi mitupu itobolewe kabla ya kutupwa, isije ikarudi sokoni imejazwa oili chakavu.