Kutoka Disketi hadi Kiungo: Historia ya Kinga ya Kompyuta ya Nyumbani Nchini Tanzania kwa Kurejelea Chinongwe, Ruangwa na Nachingwea

1.0 Utangulizi

Insha hii inachunguza namna kinga ya kompyuta ya nyumbani dhidi ya virusi na viungo hatarishi ilivyobadilika nchini Tanzania, tangu kuingia kwa kompyuta ya kwanza serikalini hadi kipindi cha minada ya mazao kwa njia ya kielektroniki. Kata ya Chinongwe, katika Wilaya ya Ruangwa, jirani na Nachingwea mkoani Lindi, inatumika kama mahali pa kuipimia historia hiyo. Sababu ya kuichagua si wingi wa kompyuta zake, bali uchache wake: penye kompyuta chache, kila moja hubeba kazi za watu wengi, na hasara ya mashine moja haiishii kwa mwenyewe.

Istilahi “kompyuta ya nyumbani” inatumika hapa kwa maana pana. Inajumuisha kompyuta ya mpakato ya mwalimu, ya mhudumu wa afya au ya karani wa chama cha ushirika, ambayo mchana hufanya kazi ya ofisi na usiku hubaki nyumbani kwa matumizi ya familia. Inajumuisha pia simu janja, ambayo kwa kaya nyingi za vijijini ndiyo kompyuta ya kwanza na ya pekee.

Hoja kuu ni mbili. Kwanza, katika kila kipindi programu hasidi ilisafiri kwa kupitia chombo ambacho watu walikiamini zaidi. Pili, jukumu la kinga lilihama hatua kwa hatua kutoka kwa dola kwenda kwa mashine, na kutoka kwa mashine kwenda kwa mtumiaji, lakini maarifa ya kulibeba jukumu hilo hayakuhama kwa kasi ileile.

2.0 Mashine Kutangulia Maarifa

Kusini mwa Tanzania kuna kumbukumbu ya muda mrefu kuhusu teknolojia iliyofika kabla ya maarifa yake. Kati ya mwaka 1947 na 1951 Nachingwea ilikuwa mojawapo ya maeneo matatu ya Mpango wa Karanga wa serikali ya Uingereza, pamoja na Kongwa na Urambo. Matrekta yaliletwa, msitu ukafyekwa na reli ikajengwa kutoka pwani. Mpango ulianguka kwa sababu waliouandaa hawakuwa wameielewa vya kutosha ardhi, mvua wala mazingira ya kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 hata reli yenyewe iling’olewa. Tukio hilo si chanzo cha historia ya kompyuta, lakini linatoa kipimo chake: chombo kipya hakiwi salama kwa kufika tu; huwa salama pale wanaokitumia wanapojua namna kinavyoharibika.

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vinavyohusiana nazo, baada ya matumizi ya mwanzo kuigharimu nchi fedha za kigeni bila kuleta tija iliyotarajiwa. Marufuku hiyo haikulenga virusi, kwani virusi vya kompyuta binafsi vilikuwa havijatokea. Hata hivyo ilikuwa aina ya kinga: dola ilisimama mlangoni na kuamua kipi kiingie. Marufuku ilipolegezwa na hatimaye kuondolewa katika mageuzi ya kiuchumi yaliyofuata, kompyuta ziliingia katika nchi ambayo raia wake walikuwa wameukosa muda wa kuzizoea. Mlango ulifunguliwa, lakini waliokuwa ndani hawakuwa wamefundishwa kuulinda.

3.0 Kipindi cha Disketi

Mwaka 1986 ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, Basit na Amjad Farooq Alvi, waliandika programu iliyokuja kujulikana kwa jina la Brain. Ilijificha katika sehemu ya disketi inayosomwa kwanza kompyuta inapowashwa, kisha ikajinakili katika disketi nyingine zilizochomekwa. Jambo la kuzingatia ni kwamba programu hiyo haikuhitaji mtandao wowote. Ilisafiri mikononi mwa watu waliokuwa wakisaidiana.

Tukio la Desemba 1989 lina uhusiano wa karibu zaidi na Afrika Mashariki. Takriban disketi 20,000 zilitumwa kwa posta kutoka London, zikidai kutoa taarifa kuhusu UKIMWI. Miongoni mwa waliotumiwa walikuwemo washiriki wa mkutano wa kimataifa kuhusu ugonjwa huo. Baada ya kompyuta kuwashwa takriban mara 90, programu iliyokuwemo ilificha mafaili na kuvuruga majina yake, kisha ikamtaka mwenye mashine atume dola 189 kwa sanduku la posta nchini Panama. Mshtakiwa alikuwa Joseph Popp, mwanabiolojia wa Marekani aliyewahi kufanya utafiti wa nyani Afrika Mashariki. Alikamatwa nchini mwake na kupelekwa Uingereza, ambako ilionekana kuwa hali yake ya akili haikumruhusu kusimama mahakamani.

Tukio hilo huhesabiwa kuwa mwanzo wa programu za kudai fidia. Kwa historia ya kinga lina funzo la ziada. Disketi haikufunguliwa kwa sababu ya uzembe. Ilifunguliwa kwa sababu ilifika kwa posta, ilibeba mada iliyogusa uhai wa watu na ilionekana kutoka kwa wenye ujuzi. Viungo vya udanganyifu vya karne ya 21 havikuvumbua mbinu mpya. Vilirithi bahasha hiyo na kuiondolea gharama ya stempu.

4.0 Kipindi cha Flashi na Steshenari

Intaneti ilianza kutolewa kibiashara nchini katikati ya miaka ya 1990, na Sera ya Taifa ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano ikapitishwa mwaka 2003. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009. Kwa hiyo kwa zaidi ya muongo mmoja sehemu kubwa ya nchi ilikuwa na kompyuta bila kuwa na mtandao wa uhakika. Pengo hilo lilizibwa na flashi.

Flashi ilibeba barua ya maombi ya kazi, mtihani wa muhula, picha za harusi na muziki. Ilitoka nyumbani ikaenda steshenari kuchapishwa, ikapita ofisini, kisha ikarudi nyumbani. Virusi vya kipindi hicho vilitumia utaratibu wa Windows wa kuendesha programu yenyewe mara kifaa kinapochomekwa. Dalili zilizokuwa za kawaida ni folda kutoweka na mahali pake kuchukuliwa na vijialama vya njia ya mkato. Aliyebofya kijialama alifungua folda yake na papo hapo akakiendesha kirusi. Mara nyingi mafaili halisi hayakuwa yamefutwa bali yamefichwa, na yangeweza kuonekana tena kwa kubadilisha mipangilio ya mfumo. Asiyelijua hilo alifuta flashi nzima, na kazi yake ikapotea kwa tiba, si kwa ugonjwa.

Mfano wa Conficker unaonyesha kiini cha tatizo. Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba udhaifu husika Oktoba 2008. Kirusi kikaonekana Novemba mwaka huohuo, na toleo lake la baadaye likaenea pia kwa flashi. Februari 2011 kampuni hiyo ilisambaza masasisho yaliyozuia flashi kujiendesha katika matoleo ya zamani ya Windows. Dawa, basi, ilikuwepo. Lakini ilisambazwa kwa mtandao, ilhali kirusi kilisambazwa kwa flashi. Kompyuta ya kijijini ilifikiwa na ugonjwa kabla ya kufikiwa na tiba. Programu za kukinga virusi nazo zilihitaji orodha mpya ya virusi kila mara. Iliyonakiliwa mjini na kukaa mwaka mzima bila kusasishwa iliendelea kuonyesha alama ya ulinzi huku ikiwa haivitambui virusi vipya. Nakala zisizo halali za mfumo endeshi ziliongeza hatari, kwa kuwa wenye mashine walizima masasisho wakihofia nakala zao kugundulika.

5.0 Kipindi cha Kiungo

M-Pesa ilianza nchini Tanzania Aprili 2008, na huduma za kampuni nyingine zikafuata. Kuanzia hapo faili halikuwa tena kitu cha thamani kubwa kuliko vyote ndani ya kifaa; fedha zenyewe zilikuwa zimehamia humo. Utapeli nao ulibadilika. Ujumbe mfupi unaomtaka mpokeaji atume “ile hela” kwa namba nyingine ulifahamika nchi nzima, nao haukuwa na kirusi hata kimoja. Ulitegemea uwezekano kwamba, kati ya maelfu ya wapokeaji, yupo aliyekuwa kweli akijiandaa kumtumia mtu fedha.

Kiungo hatarishi kiliunganisha mbinu hizo mbili, yaani hadithi ya ujumbe na uwezo wa programu. Kwa kubofya, mtumiaji huweza kupelekwa kwenye ukurasa unaofanana na wa benki na kuombwa nywila, au kushawishiwa kupakua programu inayosoma ujumbe wake. Kinga hapa inahitaji usomaji. Katika anwani ya tovuti, mamlaka halisi huonekana mwishoni mwa jina, kabla ya mkwaju wa kwanza unaofuata jina hilo. Anwani ya taasisi ya serikali ya Tanzania huishia na go.tz, anwani inayoanza kwa maneno hayo kisha ikaishia na kitu kingine si ya serikali. Alama ya kufuli nayo huthibitisha kwamba mawasiliano yamefichwa njiani, lakini haithibitishi uaminifu wa aliye upande wa pili. Mwizi naye anaweza kuwa na kufuli.

Dola ilirejea mlangoni kwa namna mpya. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ilianza kutumika Septemba mwaka huo, ikifanya udanganyifu wa kompyuta na uingiliaji wa mifumo kuwa makosa ya jinai, ingawa vifungu vyake kuhusu taarifa za uongo vilikosolewa kwa kubana uhuru wa kujieleza. Mamlaka ya Mawasiliano ilianzisha namba 15040 ya kupokelea ujumbe wa kitapeli na namba zilizoutuma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022. Hatua hizi zina uzito, lakini kwa kiasi kikubwa hufanya kazi baada ya tukio. Wakati wa kubofya, mtumiaji bado yuko peke yake.

6.0 Chinongwe na Uzito wa Hasara

Yapo maoni kwamba usalama wa kompyuta ni suala la mjini, kwa kuwa vijiji vina vifaa vichache na benki ziko mbali. Uchumi wa eneo linalochunguzwa haukubaliani na maoni hayo. Wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale huuza korosho na ufuta kupitia vyama vya msingi vilivyo chini ya Chama Kikuu cha RUNALI, kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Katika msimu wa korosho wa 2024/2025 minada iliendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania. Kati ya mzigo kupokelewa ghalani na mkulima kupata malipo, taarifa zake hupita katika kompyuta na simu kadhaa.

Malipo ya zao la msimu huja kwa mkupuo, na mkulima hupanga nayo ada ya shule, mabati na pembejeo za mwaka unaofuata. Mfanyakazi wa mjini akiibiwa mshahara wa mwezi hungoja mwezi mwingine. Mkulima akiibiwa malipo ya msimu hungoja mvua nyingine. Zaidi ya hayo, wakati wa malipo hujulikana na kila mtu, pamoja na tapeli. Ujumbe wenye kiungo unaodai kuhakiki akaunti ili malipo yatoke hauhitaji ustadi mkubwa ukitumwa katika wiki ambayo kila kaya inasubiri malipo. Uchache wa vifaa, kwa hiyo, haupunguzi hatari. Hupunguza tu idadi ya watu wanaoweza kuulizwa ushauri kabla ya kubofya.

Suala la lugha linaongeza ugumu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, wakaonyesha kwamba istilahi za kompyuta zinaweza kusimama kwa lugha ya taifa. Pamoja na hayo, vifaa vingi huuzwa vikiwa vimepangwa kwa Kiingereza, na onyo la usalama humfikia mtumiaji kwa lugha hiyo. Onyo lisiloeleweka hugeuka kuwa kizuizi cha kuondolewa haraka, na kitufe cha kukubali ndicho kilicho karibu.

7.0 Hitimisho

Historia iliyojadiliwa inapinga maelezo mepesi kwamba wanaoambukizwa au kutapeliwa ni wazembe. Disketi ya 1989 iliwapata wataalamu. Conficker ilipenya mahali ambapo kiraka hakikufika. Mei 2017 programu ya WannaCry ilienea katika nchi takriban 150 kupitia udhaifu ambao kiraka chake kilikuwa kimetolewa Machi. Kinachojirudia ni pengo kati ya kuwepo kwa dawa na kufika kwa dawa.

Pengo hilo linaendelea kufunguka. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilihitimisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, mfumo ulioenea katika kompyuta nyingi zilizotumika. Kompyuta ya namna hiyo haitazimika, na hapo ndipo ilipo hatari yake: itaendelea kufanya kazi vizuri huku udhaifu unaogunduliwa ukibaki bila kuzibwa.

Hatua za msingi kwa kaya zinafahamika: kuruhusu masasisho, kutotumia akaunti ya msimamizi kwa kazi za kila siku, kuweka nakala rudufu mahali pasipounganishwa na kompyuta, kutumia uthibitishaji wa hatua mbili, na kuifungua huduma ya fedha kwa njia iliyozoeleka badala ya kupitia kiungo kilichotumwa. Lakini kuziorodhesha tu ni kurudia kosa la kumwachia mtumiaji mzigo wote. Steshenari, iliyowahi kuwa njia kuu ya virusi, inaweza kuwa kituo cha masasisho na ushauri. Mkutano wa chama cha msingi kabla ya malipo unaweza kuwa mahali pa kutangaza, kwa Kiswahili, kwamba chama hakitumi kiungo cha kuhakiki akaunti. Chombo kinachoaminiwa ndicho kilichobeba hatari katika kila kipindi. Hakuna sababu ya kihistoria ya kukizuia kisibebe kinga.