Udhalilishaji wa wadaiwa wa mikopo ya simu

Udhalilishaji wa wadaiwa ni njia ya kudai mkopo kwa kumtia mkopaji aibu na hofu badala ya kumfikisha mahakamani. Nchini Kenya na Tanzania umeota mizizi kupitia mikopo midogo ya simu, ile ya siku 7, 14 au 30 inayotolewa bila karatasi na bila mkopaji kuonana na mkopeshaji. Deni lenyewe kwa kawaida ni la kweli na linapaswa kulipwa. Makala hii inahusu yale anayotendewa mtu akichelewa kulipa, na mipaka aliyowekewa anayemdai.

Mikopo hii ilianza vizuri. M-Pesa ilizinduliwa Kenya Machi 2007, na Novemba 2012 Safaricom na benki ya CBA zikaleta M-Shwari, iliyomwezesha mtu kukopa kwa siku 30 kwa ada ya asilimia 7.5 chini ya macho ya Benki Kuu. Kisha zikaja programu za kampuni binafsi, Tala na Branch zikiwa miongoni mwa za mwanzo, na nyuma yao likafuata wimbi la programu ambazo mkopaji hakujua ofisi zake ziko wapi wala mwenyewe ni nani. Kwa kuwa kampuni hizi hazikupokea amana za wananchi, sheria za mabenki hazikuzigusa. Tanzania mikopo ya namna hii iliitwa kausha damu, jina ambalo pia wanalo wakopeshaji wa mitaani wanaoshikilia kadi ya benki ya mtumishi mpaka mshahara uingie.

Ugumu wa kulipa mara nyingi umo ndani ya hesabu yenyewe. Tuseme mtu ameomba shilingi 2,000 za siku 7. Ada inakatwa papo hapo, anapokea 1,600, na wiki ikiisha anadaiwa 2,000 kamili: robo nzima ya alichotia mfukoni imeliwa kwa wiki moja. Akikwama, faini inaongezeka kila kukicha. Anakopa programu ya pili alipe ya kwanza, ya tatu alipe ya pili, na siku simu za wadai zinapoanza anakuta anadaiwa na kampuni nne kwa mpigo.

Mkopo huu hauna shamba wala pikipiki ya kushikilia. Dhamana yake ilikuwa majina yaliyohifadhiwa kwenye simu. Wakati wa kuisakinisha, programu iliomba ruhusa ya kusoma ujumbe, kujua mahali mtu alipo na kufungua orodha ya majina. Jumbe za fedha zilionyesha kipato chake. Majina yaliwekwa akiba kwa ajili ya siku ya kuchelewa.

Siku hiyo ikifika, mambo huenda kwa ngazi. Kwanza hutumwa ukumbusho wa adabu, tena wenye jina la kwanza la mteja. Kesho yake zinaanza simu, asubuhi kabla ya kazi na usiku baada ya chakula, kila moja kwa laini tofauti, hivyo kuzuia namba moja hakusaidii. Sauti inabadilika: matusi, vitisho vya polisi, madai kwamba dalali yuko njiani. Kisha ujumbe unafika kwa watu wengine. Bosi anaandikiwa kwamba mfanyakazi wake ni mwizi aliyetoroka na pesa za kampuni. Mama mkwe anaambiwa aliwekwa kuwa mdhamini, naye hajawahi kusikia habari za mkopo huo. Mwenyekiti wa chama, fundi wa mabomba, mwalimu wa mtoto, wote wanapata ujumbe uleule. Wengine wamefunguliwa kundi la WhatsApp lenye picha yao na neno tapeli. Kwa deni ambalo pengine halifiki bei ya gunia la mahindi, mtu anapoteza kazi au ndoa. Huo ni ukatili, hata kama deni ni halali.

Mfumo huu hulindwa na jinsi kazi yenyewe inavyolipwa. Wengi wa wanaopiga simu ni vijana wanaolipwa kwa kadiri ya wanachokusanya, na wamejifunza kwamba aliyeaibishwa hulipa haraka kuliko aliyekumbushwa.

Kenya ilianza kuwabana wakopeshaji hawa mwaka 2020, Benki Kuu ilipowazuia wakopeshaji wasiosimamiwa kupeleka majina ya wateja kwenye taasisi za taarifa za mikopo, CRB. Desemba 2021 Sheria ya Benki Kuu ilifanyiwa marekebisho, na Machi 2022 zikatoka kanuni za watoa mikopo ya kidijitali. Kanuni hizo zinakataza vitisho, lugha chafu, kumwanika mdaiwa hadharani au mtandaoni, na kuwapigia watu walio kwenye orodha yake ya majina. Kampuni 10 za kwanza zilitangazwa kupewa leseni Septemba 2022. Leo zimepita 100. Google nayo, kuanzia 31 Mei 2023, ilizipiga marufuku programu za mikopo kufungua majina na picha za mteja kwenye simu zinazotumia duka lake.

Pigo zito zaidi limetoka upande wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data, Immaculate Kassait, aliitoza kampuni ya mikopo ya Whitepath shilingi milioni 5, na Septemba mwaka huohuo Mulla Pride, mmiliki wa KeCredit na Faircash, ikatozwa 2,975,000 kwa kutumia majina na namba zilizopatikana kwa watu wengine kutuma jumbe na simu za vitisho. Hapa pana jambo ambalo wadaiwa wengi hawalijui: yule mama mkwe na yule bosi ni walalamikaji pia, tena wenye nguvu, kwa sababu hawakukopa kitu na hawakutoa idhini yoyote. Kulalamika ni bure, na sheria inataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 90.

Tanzania, Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali Agosti 2024, na Novemba ikatangaza majukwaa 69 yanayofanya kazi bila leseni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ina tume yake inayopokea malalamiko.

Kwa aliye katikati ya simu hizo, la kwanza ni kutambua kwamba kushindwa kulipa mkopo ni shauri la madai, si jinai. Polisi hawamkamati mtu kwa hilo, na dalali hawezi kubeba kochi bila amri ya mahakama. Mkopeshaji mwenye haki anaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo Kenya husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na mdaiwa akajitetea huko.

Anayepiga aulizwe jina, kampuni na leseni, kisha aombwe taarifa ya maandishi: kiasi kilichotolewa, riba, faini na kilichokwisha kulipwa. Kila ujumbe uhifadhiwe ukionyesha namba na tarehe, maana bila hivyo lalamiko halina miguu. Kufuta programu hakurudishi majina yaliyokwisha kuchukuliwa, kwa hiyo ni heri ndugu na mkuu wa kazi wasikie habari kwa mdaiwa mwenyewe kabla hawajaisikia kwa mgeni. Anayetishia kuumiza mtu anapelekwa polisi.

Malipo yaende kwenye namba ya Paybill iliyo katika mkataba tu, kamwe si kwenye namba binafsi ya anayepiga, hata akiahidi punguzo. Mpango wa kulipa kidogo kidogo uandikwe, na uwe wa kiasi kinachowezekana baada ya kodi na chakula. Ahadi ya siku mbili iliyotolewa kwa woga huzaa mkopo mwingine. Deni likiisha, mdaiwa adai barua ya kuthibitisha hivyo na ahakikishe taarifa zake CRB zimerekebishwa, kwani rekodi ya kuchelewa hubaki huko hata baada ya malipo, na mwajiri au benki inaweza kuiomba.